Alama ya Wakwe Zako Shingoni mwa Twiga

Mjomba Nzioka,

Kwanza kabisa, nakusihi usimwambie mtu. Huko uliko watu wa kwetu ni wengi, na wewe mdomo wako haukuwahi kulala na habari. Ukimnong'oneza babu, imefika kwa wote, na sijui habari za huko hurudi huku kwa njia gani. Mimi bado ni karani wa majaribio katika ofisi ya soko hapa Mukuyuni. Neno moja likivuja, nimekwisha.

Tangu tukuzike, kibanda chako cha baiskeli kimefungwa. Mkeo, Anti Mueni, anasema hawezi kukipangisha kwa muuza nyanya wakati bado kinanuka grisi yako. Lakini wanyama wako wa vyuma wamesimama barabarani ulipowaacha: kanga wa cheni kando ya mtaro, beberu mwenye uso wa kiti cha baiskeli na ndevu za breki, na twiga, uliyemwunganisha kwa fremu zilizokufa hata akaupita mlango wa kinu cha posho kwa urefu. Watoto wa shule bado wanamsalimu. Wachuuzi bado wanafunga mbuzi wa kweli kwenye beberu wako, na mbuzi wa kweli bado hawampendi.

Nakumbuka kwa nini twiga ulimpa tumbo pana la madigadi. Mama mkwe wako alipotokea kona ya soko, na desturi hairuhusu mkwe kukutana naye uso kwa uso, uliruka nyuma ya twiga na spana mkononi. Nilicheka. Ukaniambia, "Cheka tu. Ukioa utakuja kuniomba nafasi hapa." Naye akipita alisema kwa sauti, bila kugeuka, kwamba binti yake ameolewa na mtu anayecheza na kutu.

Basi ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka Nairobi. Mkubwa wangu akaniita. "Ondoa hivyo vyuma chakavu vyote barabarani. Kesho lori linakuja." Nikasema ndiyo, bwana. Unanijua, mimi husema ndiyo kabla swali halijaisha. Nikarudi mezani. Wewe umezikwa juzi, na mimi ndiye nisimamie kuvunjwa kwako mara ya pili.

Ndipo nikakumbuka ule mzinga wa nyuki wa zamani uliokuwa ukiwekea spana, wenye alama ya ukoo iliyochomwa kwa moto, duara na mistari miwili. Kwetu hata mwizi hagusi kitu chenye alama ya ukoo wa watu, na vibarua wa ofisi wote ni wa kwetu. Kesho yake wakati wa chakula, kabla lori halijafika, wao wakila muthokoi wao wa mahindi na maharagwe, nikachukua rangi nyeupe iliyoletwa kupaka mawe ya barabara. Nikampaka twiga alama ile shingoni, beberu pajani, na kanga palipopatikana nafasi. Walioniona walidhani nimetumwa. Karani akibeba kopo la rangi, nani atamuuliza?

Lori likaja. Vibarua wakashuka, wakaona, wakaweka mikono nyuma. Nyapara wao akasema, "Bwana karani, hawa wana wenyewe. Waite wenyewe kwanza." Mkubwa akafoka kwa Kiingereza mpaka akachoka. Hakuna aliyeinua hata spoki. Ikabidi wenyewe waitwe.

Sasa Mjomba, kaa vizuri. Mzinga ule haukuwa wa ukoo wako. Ulipewa na baba mkwe wako ulipooa. Mimi niliyekulia bweni, alama za kwetu ningezijulia wapi? Waliokuja ni mzee wa ukoo wa wakwe zako, na nyuma yake mama mkwe wako, na fimbo yake.

Mzee akaigusa rangi kwa kidole. Ilikuwa bado mbichi. Akautazama mkono wa shati langu, wenye rangi ileile. Nilijua wakisema si wao, lori litawachukua wanyama na kazi yangu pamoja. Mama mkwe wako akamzunguka twiga polepole mpaka upande ule wa nyuma uliokuwa ukijificha. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji.

"Ni wetu," akasema. "Huyu tumemtafuta miaka mingi."

Akawaambia vibarua kwamba atakayemgusa aje amweleze yeye. Akinipita akasema chini chini, "Kijana, nenda ukanawe."

Mgeni alipofika alicheka mpaka akavua miwani. Mkubwa akamweleza habari za alama kana kwamba yeye ndiye aliyezibuni.

Kwa hiyo wanyama wako wamebaki, ila kwa jina sasa ni wa wakwe. Siku za soko mama mkwe wako huja kumfuta beberu vumbi kwa ncha ya leso. Anti Mueni alipoona alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha akalia. Nami nikaingia choo cha ofisi nikalia kimya, maana kuta zake ni mabati.

Nakuahidi nitawapaka grisi kila mwaka kabla ya mvua. Lala sasa, Mjomba. Nakupenda, na sikuwahi kulisema.

Ukinihitaji, usinijie ndotoni, mwenye nyumba atasikia nikipiga kelele. Wala usinitumie bundi, tafadhali. Dirisha langu la ofisini ni la mwisho, lenye kioo kilichopasuka, linatazama barabara. Subiri upepo utulie, kisha zungusha lile gurudumu dogo la mkiani mwa twiga. Nitamwambia mkubwa naenda kukagua vibanda, nami nitashuka.