Ramani Yangu Inamhamisha Bibi

Mama Ketura mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, siku kamati itakapoamua nani ahamishwe, maana mimi ndiye niliyechora ramani ya miteremko ya Rukoki, ile inayopaka nyekundu nyumba zinazoweza kuporomokewa na udongo, na nyumba ya bibi Feresita aliyenilea imo ndani ya nyekundu wakati uwanja wake ni tambarare kabisa, na kosa nimeshaligundua, setilaiti ilipima vilele vya mikaratusi nyuma ya nyumba badala ya ardhi, kwa hiyo pale miti inapokomea kompyuta ikaona genge la mita ishirini, na mikaratusi yenyewe, Mama, niliipanda na bibi nikiwa darasa la nne, ila sikwenda kuangalia, nilichora nimekaa ofisini, na bosi wangu Mugenyi amenisifu mbele ya kamati, nikikiri nitaonekana mpumbavu, naye bibi hata hagombi, ameanza kugawa kuku wake, ananiambia, “Mujukuu wangu, kama masini yako inasema nihame, mi nahama, wewe iko na masomo.” Nifanyeje?

Jonan, Kasese

Jonan mwanangu, pole, lakini sikio nitakuvuta. Bibi anahama kwa sababu anakuamini, wewe unanyamaza kwa sababu ya sifa! Mficha uchi hazai.

Kompyuta siijui, ila nimezaliwa Bwera na mikaratusi naijua: watu huipanda hata makorongoni. Huko vilele vyake hulingana na ukingo, korongo lisionekane, na ramani yako, nina hofu, imepaka kijani cha usalama. Nani analala chini ya hapo akidhani yuko salama? Umelilia nyumba moja tu, mwanangu.

Kesho vaa gambuti, beba kipima mteremko, ukwee miteremko ya Rukoki kila penye miti. Ondoa urefu wa miti kwenye vipimo, kisha uchore upya yote. Usithubutu kufuta wekundu kwa bibi peke yake, huo utakuwa upendeleo. Alhamisi mpelekee Mugenyi ramani zote mbili, mbovu na mpya. Akifoka, mwache afoke. Heri kufokewa kuliko kuzika watu.

Ila kwa bibi nenda leo, usingoje ramani. Mwambie kwa mdomo wako kwamba uliyekosea ni wewe. Atapika, ule. Kisha muulize udongo umewahi kuporomoka wapi mlimani humo. Amekaa pale miaka sitini, na nyote wenye masomo hamjamuuliza.