Siku ya Kula Kamukuywa

Madam Nafula,

Wanafunzi wako sasa ni wangu. Nimepewa darasa lako la usanifu wa majengo hapa Kitale, na kila nikiandika ubaoni wananiuliza, "Madam mwenyewe angefanyaje?" Inaniuma.

Jana tulikuwa Endebess kuwaonyesha wazazi mchoro wa shule ya chekechea, mara ya pili sasa. Kina mama waliutazama, wakasema, "Ni sawa tu, mwalimu." Wewe ndiye uliyeniambia kwamba "ni sawa tu" maana yake hapana. Ulichokuwa ukifanya baada ya kuambiwa hivyo, sikukaa nikakiona.

Ndipo nikakumbuka Kamukuywa. Ulimwomba mwenyekiti wa soko awaite watu waje wapige kura, jiko la soko likae wapi. Naye kwa ulimi wake wa Kibukusu akatangaza, "Jumamosi ni siku ya kula!" Wakaja na sufuria, kuku na unga. Mimi, Mkikuyu wa Kitale ambaye r na l hunipiga chenga vilevile, nilicheka mpaka machozi. Wewe hukucheka. Uliwaacha wapike, ukatazama walipopanga mafiga: nyuma ya ghala, ambako upepo wa Elgon hauwafikii na watoto wanaonekana. Jiko likajengwa papo hapo. Tangu siku hiyo hukuitisha kura tena. Kosa la mzee ukaligeuza kuwa utafiti wako, ukazunguka nalo hadi Kabuchai, watu wakipika na kula, wewe ukichora baadaye.

Na kila mara uliniita. "Kuja ukule bana, kuta hazitoroki!" Mimi najibu bado napima.

Kweli hazikutoroka, Madam. Umetoroka wewe.

Najuta. Najuta ugali wote ule niliouacha ukapoa, maana hapo kwenye sahani ndipo walipokuwa wakikwambia wanachotaka, na mimi niko kule, tepu mkononi. Nilidhani ipo siku nyingine ya kukaa nawe. Haikuwepo.

Jumamosi narudi Endebess na wanafunzi. Mchoro utabaki ofisini, na tepu pia. Nimewaambia wazazi ni siku ya kula, na safari hii ulimi haukuteleza.

Pumzika kwa amani, Madam wangu. Wakiniita, nakuahidi, nitakuja nikiwa na njaa.

Wairimu wako