Bega Ambalo Daktari Hakuonyeshwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huko uliko natumaini hakuna anayekujibia, basi itikia mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipeleka maharage Kabanga? Pale mpakani ulikuwa huna mpinzani. Dalali akikupunja kipimo, unamfokea kwa Kirundi mpaka wabadilisha fedha wanaacha kazi yao kukutazama. "Rudisha debe langu hapa!" Mimi naona aibu, wewe unacheka njia nzima mpaka Mbuba. Hata ulipowekewa ile betri ya moyo chini ya bega la kushoto, mdomo haukupungua makali.

Ndiyo maana hasira yangu haiishi. Mwanamke yuleyule, mbele ya Baba Mkubwa, alikuwa bubu.

Kwetu kaka mkubwa wa mume huheshimiwa kama baba mkwe. Humtazami usoni, huli mbele yake, hushushi hata kanga ya begani. Sawa, nyumbani nilielewa. Lakini baba alipofariki, yeye ndiye akawa wa kukupeleka kliniki, na akawa anaingia nawe mpaka ndani kwa daktari. Ukiulizwa unajisikiaje, anajibu yeye: "Anaendelea vizuri, anapalilia." Anapalilia! Na daktari, badala ya kumtoa nje, akaridhika, mkarudi nyumbani.

Nilikuja likizo kutoka Biharamulo ninakofundisha, nikakusugua mgongo bafuni, ndipo nikaona. Mkono wa kushoto umevimba. Mishipa imetambaa kifuani kama mizizi. Kizunguzungu ulikuwa umekificha tangu mavuno. Nikakuuliza kwa nini hukusema.

"Ningefunguaje kifua na shemeji amekaa pale?" Ukacheka. Mimi sikucheka.

Nilikupeleka mwenyewe. Daktari mwingine, dada mmoja mpole, akatueleza bila haraka: waya unaotoka kwenye betri kwenda moyoni umechakaa, lazima ubadilishwe, na mshipa ulimopita umeziba, kwa hiyo waya mpya hauna pa kupenya. Nikadhani ndio mwisho. Akasema hapana, hospitali kubwa wapo wataalamu wanaoutoa ule wa zamani taratibu na kupitisha mpya katika njia ileile. "Ila mngekuja mapema," akasema. Ukapangiwa kwenda. Ukaanguka shambani kabla ya safari.

Kwenye matanga Baba Mkubwa akasimama kukusifu. Eti tangu uolewe hakuwahi kusikia sauti yako ikipanda, na hiyo ndiyo heshima. Watu wakaitikia! Niliondoka nikaenda kulia nyuma ya migomba, na kilichoniliza ni hasira kuliko huzuni. Heshima gani inayomzuia mgonjwa kumwambia daktari kwamba anaumwa? Na wale wenye makoti meupe, nani aliwaambia mgonjwa mwenye akili zake anahitaji msemaji?

Wiki iliyopita uvumilivu ulinishinda, nikamfuata Baba Mkubwa kwake. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza kwa nini hakuwa akitoka nje ukapimwa. Akanishangaa kweli kweli.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakaa pale kwa shida, hata pa kuangalia sina. Hakuna aliyeniambia nitoke. Ningetoka."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yeye, mama, na sasa hata hilo siwezi. Imebaki kukukasirikia wewe, na nakupenda. Ungesema tu, "Shemeji, tupishe."

Pumzika, mama.

Mwanao wa kwanza