Shati Lisilo na Vifungo

Mjukuu wangu Kiran,

Hapa Neasden, London, tu wazima. Bibi yako bado ananigombeza kila asubuhi, na ndiyo dawa yangu.

Umeuliza kwa nini babu mwenye akili kama mimi hakumaliza shule. Utotoni mwangu Mombasa, Wahindi tuligoma kununua nguo za Mwingereza aliyetutawala. Mama akasokota pamba mwenyewe, akanishonea shati. Nikaringa nalo darasani, mpaka rafiki yangu Jivan akacheka: "Wewe bwana mkubwa, na hivyo vifungo je? Si vya Uingereza hivyo?"

Nikavikata vyote. Mwalimu akasema, "Vishone au usirudi." Sikurudi.

Shati lile bado ninalo. Jana bibi yako alitaka kulitia vifungo vya hapa London. Nimemwambia shule niliiacha, mgomo bado.

Babu yako wa kifua wazi