Ampuli Moja kwa Nyumba Nzima

Baba Divine,

Sikuiti mpendwa. Nilijaribu kuliandika neno hilo, kalamu ikagoma, nami sikuibembeleza. Jumapili baada ya misa dada yako alinishika mkono akaniambia maji yameingia Buterere, nyumba imejaa tope, yule mwanamke amerudi kwao, na wewe unataka kurudi kwangu Mutakura. "Umupokee tu, wifi. Mutu ni mutu wako," akasema. Nilimwambia nitajibu kwa maandishi. Na kwa kuwa uliondoka ukiwatangazia majirani kwamba nilikufukuza kwa sababu ya umeme, jibu langu naliandika wazi, walisome wote.

Umeme! Haya, tuuzungumze huo umeme.

Unakumbuka tulipohamia hapa? Familia nne katika ua mmoja, kontere moja ya kupimia umeme ukutani, na mwenye nyumba akaweka sheria yake: kila familia italipa kwa hesabu ya ampuli zake za taa. Mwenye moja atalipa ya moja, mwenye tatu atalipa za tatu. Wapangaji wakakuchagua wewe uwe mhesabuji, maana ulikuwa mtu wa kalamu na shati la kupigwa pasi. Siku hiyo ulinibeba juujuu mlangoni ukicheka, nami nikajiona nimeolewa na waziri. Nilikupenda, Baba Divine. Silifichi hilo.

Kila mwanzo wa mwezi ulipita nyumba kwa nyumba umeinua kichwa, unatazama dari za watu. Mama Kelly, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na ampuli tatu ndogo nyeupe, na hakuzificha. Wengine walizifungua wakaziweka chini ya kitanda wakisikia viatu vyako. Sisi tulikuwa na moja. Moja kwa vyumba viwili na jiko! Uliifungua sebuleni kwa kitambaa kinene, kwa sababu ilikuwa ya moto kama jiwe la jikoni, ukaipeleka chumbani, kisha ukairudisha. Ukitoka, unaitia kwenye mfuko wa koti. Nilijua umetoka kwa sababu nyumba yangu ilikuwa giza.

Mimi nasuka nywele, hiyo ndiyo kazi yangu, na wateja wangu wengi huja jioni wakitoka sokoni. Hujasahau yule binti aliyekuwa anaolewa kesho yake. Nusu ya kichwa nimemaliza, nusu bado imesimama kama nyasi, wewe ukaingia na kile kitambaa chako.

"Baba Divine, acha kwanza. Mutu hawezi kwenda kuolewa na nusu kichwa!"

"Umalizie kesho. Ampuli inakula."

Ukaifungua. Nilimmalizia binti wa watu uani, kwa mwanga wa simu ya Mama Kelly, naye alilia muda wote. Tangu hapo wateja walianza kupungua, na ukaniambia labda mkono wangu umeharibika.

Halafu ikaja ile siku ya sokoni. Muuzaji mmoja wa vitu vya umeme aliniuliza natumia ampuli gani. Nilipomwambia ni ile ya zamani, yenye waya mwekundu ndani, alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha namba iliyoandikwa shingoni. Yako ilikuwa ya wati mia moja. Zile nyeupe za Mama Kelly ni za wati tisa. Yaani kumi na moja kama zake zingewaka pamoja kabla hazijaifikia yako moja! Nilirudi nyumbani mbio, jasho linanitoka, nikidhani nimekuletea habari njema.

"Ampuli ni ampuli," ulisema. "We ni fundi wa umeme sasa?"

Kumbe Mama Kelly alikuwa analipa mara tatu yetu, na zake zote tatu hazili hata theluthi ya ile yetu. Alikuwa anatulipia sisi, na kila umeme tulioununua ulipoisha mapema ulisimama uani ukamfokea yeye. Hadi leo sijui kama ulikuwa mjinga au ulikuwa mwerevu kupita kiasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa mfukoni mwa koti lako.

Lakini hasira yangu haiishii kwako, na hapa naandika kwa aibu. Nilianza kuwa kama wewe. Jioni moja nilimkuta Divine amelala juu ya daftari, taa inawaka. Nikampiga kofi. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mwaka wa mtihani, nikampiga kwa sababu amesoma mpaka akasinzia! Aliamka akaomba msamaha. Niliupokea msamaha huo kana kwamba nilikuwa naudai.

Kisha niliitwa kusuka Buterere. Nilipita kando ya mashamba ya mpunga, saa sita mchana, jua linachoma utosi, nikakuona kupitia mlango ulio wazi. Umevua viatu, umekaa kwenye kiti chenye mto, mwanamke anakupakulia chakula. Nilihesabu, maana ulinifundisha kuhesabu. Sebuleni moja, chumbani moja, barazani moja, na hata chooni nje kulikuwa na ampuli. Zote zinawaka. Mchana kweupe! Nilikuwa na matusi ya kutosha kijiji kizima, lakini kinywani lilitoka moja tu:

"Taa ziko zinawaka."

Ukanitazama, ukatazama juu, ukasema taratibu, "Ziache tu. Hazisumbui mutu."

Hilo ndilo lililovunja ndoa yetu. Kupenda mwanamke mwingine ni dhambi ya kawaida, hata kanisani tumeizoea. Mimi kinachoniunguza ni kwamba huruma ulikuwa nayo, ukaipeleka kule. Ulijua kabisa kwamba mtu anahitaji kuona anachokula.

Hata hivyo, juzi nilikaribia kukupokea. Maji ni maji, hayachagui nyumba ya mwenye haki. Nikamwita Divine, sasa ana miaka kumi na mitano, nikamwomba msamaha wa lile kofi, nikamuuliza anaonaje ukirudi. Akasema:

"Mama, mi nilipajua kule Buterere. Baba alikuwa ananipeleka. Ndiko nilisomea mutihani. Alisema nisikuambie."

Jumatano na Jumamosi, Baba Divine. Zile siku ulizosema unampeleka mazoezi ya kwaya. Na mimi kila mkirudi nilimkalisha kando yangu, nikamuuliza, "Leo mumeimba nini?" Naye aliniimbia. Kila mara aliniimbia wimbo mpya, beti zote. Mwanangu alikuwa anakaa njia nzima akitunga nyimbo za kunidanganya, ili wewe usipate taabu na mimi nisipate uchungu.

Ya ampuli ningesamehe. Hata ya yule mwanamke ningesamehe, baada ya kelele nyingi. Hili siwezi, na wala sitaki kujifunza kuliweza.

Usirudi. Nguo zako nitampa dada yako, safi, zimepigwa pasi. Divine akitaka kukuona, atakuja kwa ruhusa yangu, nitamsindikiza mimi mwenyewe hadi mlangoni kwako. Na akirudi nyumbani sitamuuliza chochote.

Pole kwa maji. Uwe mzima, lakini huko huko.

Mimi,
mama yake Divine