Madoa Meusi Kwenye Mbao za Mwaloni

Mirongo, Mwanza
Alhamisi jioni

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo wako unaendeleaje? Na Neema, kile kikohozi kimemwacha? Wadogo zake je, wanakusikiliza au wameota pembe kwa kuwa baba yao hayupo? Mimi huku nakula, nalala, homa sina. Nikisema mwili mzima sitakuwa nimekudanganya. Ila moyo, mke wangu, tangu wiki iliyopita haujatulia, na hakuna mtu ninayeweza kumweleza mpaka mwisho isipokuwa wewe. Kwa hiyo kama una sufuria jikoni, iepue kwanza, ukae.

Nianze na wale kuku. Kama hujampa dada yangu, usimpe kwanza. Na kama umeanza kuwaaga akina mama wa kwaya, basi ishia hapo ulipofika. Najua ni mimi niliyekuandikia kwamba tunahamia Buswelu, na niliandika kwa furaha kama mtu aliyekwisha kukabidhiwa funguo. Niliharakisha. Kazi yenyewe iko vile vile nilivyokueleza: kanisa jipya la Buswelu linahitaji fundi wa kutengeneza viti vyote, milango na madirisha, kazi ya mwaka mzima na zaidi, na fundi atapewa vile vyumba viwili vya nyuma ya kanisa akae na familia yake. Lakini nilikuwa sijakwambia kwamba kuna mtihani. Walitaka kwanza nitengeneze Meza ya Bwana, waione, ndipo waamue. Na ni hiyo meza inayoninyima raha.

Mbao za hiyo meza hazikutoka kwenye miti yetu. Ndugu wa kanisa fulani la Ulaya walikuwa wanavunja viti vyao vya zamani, wakaona wasivitupe, wakatuletea mbao zake ndani ya kontena pamoja na nguo na baiskeli. Mti wenyewe ni mwaloni. Ndiyo, ule tunaousikia ukisomwa kanisani tangu tukiwa watoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Niliposhika ubao wa kwanza nilisisimka, nikajiona kama nimeshika kitu cha siku zile zenyewe. Mzito, rangi kama ya chai ya maziwa, na ndani yake una mistari inayong'aa kama magamba ya samaki.

Alikuja nao mzee mmoja mkulima wa huko, mtu mcheshi, akasimama mbele yetu akausifia mti wa kwao kama anayesifia ng'ombe wake, mwinjilisti akitafsiri. Akasema babu zao walijengea meli za kuvuka bahari. Wanatengenezea mapipa ya divai, na divai inakaa miaka haivuji. Boriti za nyumba, sakafu, majeneza. Magome yake wanalainishia ngozi za viatu. Moshi wake wanakaushia samaki, hapo wazee wetu wote wakaguna, maana habari ya samaki hata kwa lugha gani sisi tunaielewa. Hata kokwa zake, akasema, wanalisha nguruwe.

Mama mmoja akauliza, "Na kuni je?"

Mzee akacheka. Akasema kuni zake ni nzuri mno, ila lazima uziache zikauke miaka miwili.

"Miaka miwili!" yule mama akasema. "Na hao watoto wanakula nini hiyo miaka miwili?"

Tulicheka hadi mchungaji wa Buswelu akafuta machozi. Siku ile nilikuwa na furaha, Mama Neema. Mzee alirudi kwao wiki ile ile, mimi nikabaki na mbao zangu tano.

Sasa kosa. Mbao zile ni ngumu kama pembe. Viti vyao vimekaa kavu sijui miaka mingapi, nikipiga randa inarukaruka tu. Nikakumbuka Baba anavyofanya na mbao ngumu za mbavu za mtumbwi, anavyoziloweka ziwani kabla ya kuzishika. Nikajiambia, mti uliojengewa meli hauogopi maji. Nikazivusha kwa kivuko hadi Kamanga kwa rafiki yangu Masalu, fundi wa mitumbwi, kwa sababu huku mjini magugu maji yamefunga ufuko wote, na kitu ukikiacha majini leo kesho hukikuti. Tukazizamisha. Baba hutumia mawe na kamba ya katani. Mimi mawe hayakutosha, kamba sikuwa nayo, na pale kwa Masalu palikuwa na mnyororo wa zamani. Nikazizungushia mnyororo.

Siku ya sita tulizitoa. Mke wangu, niliona giza. Kila mahali mnyororo ulipolala ubao umekuwa mweusi, mweusi wa wino. Pete kwa pete, unaweza kuzihesabu. Nikadhani ni tope, nikasugua. Nikadhani ni juu juu tu, nikapiga randa ubao ukiwa bado na maji, na weusi ukazidi, mikono yangu nayo ikabadilika mbele ya macho yangu, viganja vikawa kama vya mtu aliyemenya ndizi mbichi siku nzima. Masalu akarudi nyuma hatua mbili.

"Mjita wewe, umetuletea nini hapa Kamanga? Zindiko?"

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Kanawe kwanza, usinishike mkono."

Jumapili nilikwenda kanisani na mikono ile ile. Nilikuwa nimeisugua kwa sabuni ya mche na mchanga, wapi. Ilikuwa ibada ya chakula cha Bwana. Nilipofika mbele nilishindwa kufungua viganja. Mchungaji alisimama na mkate, akanitazama, nami nikapokea na ngumi nusu imefunguka, kama mtoto aliyeficha sukari. Nilirudi nikakaa, mkate sikuusikia ladha yake. Sijui kama Mungu alinikasirikia. Mimi nilijikasirikia.

Jirani yetu hapa Mirongo, mama anayekaanga sangara, ndiye aliyeniokoa mikono. Alisema, "Baba, sugua limau, mimi ndivyo ninavyotoa shombo." Nikasugua, nikaona weusi unaondoka. Nikavuka tena Kamanga na mfuko mzima wa malimau. Mbao tatu zimetakata karibu zote. Lakini zile mbili pana, ambazo ndizo zingekuwa uso wa meza, zimefifia tu. Pete za mnyororo bado zinaonekana. Nimetazama sana, na sasa naelewa: palipokuwa na jiwe hapana doa, palipogusa chuma pana doa. Maji hayakuudhuru. Mti huu na chuma vikilowana pamoja havipatani. Baba hakukosea kitu. Mnyororo ni akili yangu mimi.

Masalu akanipa shauri lake. Tulikuwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, malimau yametapakaa miguuni.

"Paka vanishi nyeusi meza nzima. Waambie mti wenyewe ndivyo ulivyo."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Kwa nani? Nani Buswelu anayeujua mwaloni? Mzee wa watu kashaondoka."

"Meza ya Bwana, Masalu."

"Na vyumba viwili vya mkeo je? Hivyo si vya Bwana?"

Hapo alinigusa. Sitakuficha, siku mbili nilizunguka na wazo hilo. Hata vanishi nilikwenda dukani kuiangalia. Niliwaza Neema anamaliza la saba mwaka huu, na sekondari ya karibu na Buswelu mtoto anatembea kwa miguu. Niliwaza wewe na mgongo wako na ule mlima wa kuchota maji. Nikasali, lakini kila nikisali naona ile ngumi yangu mbele ya mchungaji.

Basi jana nilikwenda kwake, nimebeba ubao mmoja begani. Nilimweleza yote, mnyororo, limau, hata vanishi. Alipitisha kidole juu ya zile pete, moja moja, hadi ya mwisho.

Akasema, "Kwa nini hukuuliza?"

"Ningemwuliza nani, Mchungaji? Hapa hakuna fundi aliyewahi kuukata."

"Ungejaribu kipande kidogo kwanza."

Mama Neema, neno hilo haliniachi. Maana ni kweli. Kila fundi anajaribu kipande. Mimi mwenyewe ningemgombeza mtu mwingine kwa jambo hilo. Sikujaribu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwaona ninyi hapa kabla ya mvua, na nilitaka wazee waone meza mapema waseme huyu ni fundi. Nilisema hivyo hivyo mbele yake. Alisema tu baraza la wazee litakaa Jumamosi mchana na hatawaficha kitu. Kati yao kuna mmoja ambaye tangu mwanzo anataka kazi apewe mwenye karakana ya mashine za umeme kule mjini. Huyo sasa amepata la kusema. Mchungaji aliuzuia ule ubao kwake ili wauone. Aliponisindikiza hadi mlangoni alinipa mkono, nikaupokea kwa viganja vyote viwili.

Barua hii anaibeba binamu yako anayepanda basi keshokutwa. Ukiisoma, huenda kikao kitakuwa kimekwisha na mimi nitakuwa nalijua jibu wakati wewe bado hujalijua. Hilo nalo linaniumiza.

Mpe Baba shikamoo yangu. Usimsomee habari ya mnyororo, atadhani namlaumu, nitamweleza mwenyewe. Shikamoo kwa mama mkwe, na umwombe aniweke kwenye sala zake za asubuhi. Dada yangu msalimie, umwambie habari ya kuku aniulize mimi. Mwinjilisti wetu wa hapo kijijini na mwalimu wa kwaya wote nawasalimu. Wanangu wabusu mmoja mmoja, Neema umwambie asiache kitabu.

Niko tayari kwa lolote, nasema hivyo, lakini usiniamini sana. Jumatatu nitapanda basi kuja, iwe heri au shari. Ukiniona nashuka njia panda mikono mitupu, ujue vifaa vyangu nimeviacha Buswelu, na uanze kufunga mizigo. Ukiniona na sanduku la vifaa kichwani, usiniulize kitu mbele ya watoto. Njoo tu unipokee, tulishike pamoja, wewe upande mmoja na mimi upande mmoja, hadi nyumbani.

Mumeo akupendaye katika Bwana,
Baba Neema