Feni Ingoje Isha

Mume wangu Salim,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipata kwenye simu ya mama yako. Sie huku Mbweni wazima; goti langu linalalamika, lakini ngazi bado linapanda.

Umeniuliza kwa nini kila jioni naizima ile feni uliyonifungia ukutani, inayojiwasha yenyewe nje kukipoa na kuvuta upepo wa nje uingie ndani, ili kiyoyozi kipumzike. Unaiona kwenye simu yako huko Mwanza, ukadhani siipendi. Naipenda, mjukuu wangu. Ila inawaka saa ya magharibi, na saa hiyo kwetu madirisha hufungwa.

Nilipokuwa msichana kule Kipawa, adhana ya magharibi ikianza tu, mama alifunga madirisha yote, mbu na mashetani wabaki nje. Tulitoka jasho mpaka tukanuniana. Baba akirudi kutoka msikitini baada ya Isha, aligonga dirisha letu. "Hodi, wanangu!" Mama alitoa komeo, baba akalivuta dirisha la mbao kwa nje, na ubaridi ukaingia pamoja na harufu ya udi wa kanzu yake. Utoto wangu wote nilijua upepo huletwa na baba.

Kwa hiyo sigombani na feni yako. Baada ya Isha naiwasha mwenyewe, nazima kiyoyozi, nalala vizuri. Tatizo lake, upepo wake unaingia kimyakimya.

Basi hukohuko uliko, iamuru ingoje Isha. Halafu nipigie, useme hodi.

Bibi yako